Wapole Wawili Nyumba Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta wachumba wawili wamechuchumaa nyuma ya kanisa, mbele ya mbabula, jiko la makaa, isiyowaka. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na makaa yalikuwa yameloa. Kijana alikuwa akiyafokea makaa, akimfokea mchumba wake, akiifokea hata mvua yenyewe. Msichana alikuwa amepakata kipepeo cha kuchochea moto na kuinamisha kichwa, hasemi neno. Padri Paroko alisimama mlangoni mwa ukumbi, mikono nyuma, upindo wa kanzu yake umeingia matope. Hakuwasaidia. Aliponiona aliniita kwa kidole.

"Mwalimu, unaona nini kule?"

Nikamjibu kwamba naona makaa yenye maji.

"Hapana. Acha makala, angalia batu."

Nikaangalia watu. Sikuona kitu, nikanyamaza, maana kunyamaza ndiko nilikokujua zaidi tangu utoto. Padri akasogea karibu na kuteremsha sauti.

"Huyu kijana iko moto. Huyu binti iko maji. Kazi yako njo hii: kuniambia nani iko moto na nani iko maji, mbele ya kusoma majina yabo mu kanisa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya mwalimu wa wachumba. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Cimpunda, mwalimu wa aina ile inayojulikana mjini Bukavu kote, anayefundisha watoto wa wenzake huku wake mwenyewe wanasinzia kwa njaa. Paroko aliponiita sikumuuliza maswali mengi. Ninyi vijana wa leo mnaokutana kwenye simu na kuachana kwenye simu mtanicheka, lakini wakati ule hakuna aliyefika altareni bila kupita mikononi mwa mtu kama mimi.

Niwaeleze kazi ilivyokuwa. Wachumba walikuja wakiwa wameshapatana kwao juu ya ng'ombe na mbuzi wa mahari, hayo hayakutuhusu. Sisi tuliwapa kwanza mafundisho, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kisha yalifuata mahojiano ya faragha: kila mmoja anaingia peke yake, anaulizwa kama anaoa kwa hiari, kama hajafungwa na ndoa nyingine, kama hakuna undugu kati yao. Kasoro yoyote kati ya hayo ikipatikana tuliiita kizuizi, na ndoa ilisimama. Baada ya hapo yalikuja matangazo, yaani majina kusomwa misani Jumapili tatu, ili mwenye neno aseme. Mwisho walipewa wazazi wa ndoa, watu wazima wawili waliooana, wa kuwaangalia miaka ya mwanzo kama mtu anavyoangalia mche.

Haya mtayakuta katika parokia yoyote. Mbabula ndiyo ilikuwa ya Paroko wetu peke yake. Alitaka kila jozi iwashe moto na kupika bugali pale nyuma ya kanisa, wawili hao tu, bila dada wala shangazi, mwalimu amekaa pembeni kimya. Nilijifunza kutazama. Nani anachagua makaa, nani anapepea, nani anasema "sogea" na nani anasogea. Bugali ikishikamana na sufuria, nani anamtazama nani. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kudanganya mbele ya padri, lakini akiwa na moshi machoni hawezi.

Imani ya Paroko ilikuwa nyepesi kusema: wanaofanana wataishi vizuri. Mpole amwoe mpole, mcheshi amwoe mcheshi, mwenye kubana pesa amwoe mwenye kubana. Ndege wa rangi moja huruka pamoja, alikuwa akisema, na kuongeza kwamba aliyeitunga methali hii lazima alikuwa ameoa. Jozi zilizofanana alizipitisha haraka. Zisizofanana alizirudisha kwenye mafundisho mpaka zichoke au zizoeane.

Na kielelezo chake kilikuwa mimi na mke wangu.

Mke wangu anaitwa Nsimire. Alizaliwa mlimani kule Kabare, akaletwa mjini na shangazi yake, akajifunza kushona. Tulipokutana tulikaa mchana mzima kwenye benchi la shangazi huyo, na nadhani tulisema maneno ya kutosha kujaza kikombe kimoja. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yangu nimepata mke. Sikukosea. Tuliweza kupukuchua maharagwe tangu asubuhi hadi jua kichwani bila neno, na tukainuka tumefurahi wote wawili. Akitaka dirisha lifungwe, nilikuwa nimeshainuka. Nikitaka chai, maji yalikuwa yameshawekwa. Majirani waliokuwa wakitupiana vyungu walitutazama kwa wivu, na nasema bila haya kwamba tulipenda kutazamwa hivyo.

Paroko alituita mbele ya wachumba. Mmoja anatoka nje, mwingine anabaki, halafu tunabadilishana.

"Mwenzako akikasirika, weye unafanya nini?"

"Nanyamaza," nasema mimi.

Anaingia mke wangu, anaulizwa lile lile. "Nanyamaza."

"Akichelewa kurudi?"

"Namungojea."

Ukumbi ulipiga makofi. Paroko alifungua mikono kama mtu anayeonyesha ng'ombe sokoni. "Munaona? Maji na maji!"

Kulikuwa na jozi moja niliyoikataa waziwazi. Msichana alikuwa akiuza sambaza sokoni Kadutu, wale samaki wadogo wa ziwani, na sauti yake ilikuwa ya kuuzia: ukiwa chini bondeni unaisikia. Mwanamume alikuwa fundi viatu na alimshinda kwa kelele. Walipowasha mbabula waligombea kipepeo kikakatika, wakapepea kwa mfuniko wa sufuria, bugali ikaungua chini na kubaki mbichi juu, wakaila yote wakilaumiana huku midomo imejaa. Nikamwambia Paroko: hawa wanafanana, lakini ni moto na moto, nyumba itaungua. Akakubali, akawarudisha nyuma. Yule dada akanifuata hadi barabarani.

"Mwalimu, weye unafikiri tuko tunagombana? Apana! Sisi tuko tunaongea tu!"

Mwaka uliofuata walifunga ndoa. Moyoni niliwapa msimu mmoja wa mvua. Wako pamoja hadi leo, wamezeeka, na bado ukipita mbele ya kibanda chao unadhani kuna mtu anauawa.

Baada ya miaka nilihamishiwa Kamituga. Walitaka mtu wa kuanzisha mafundisho ya wachumba kule machimboni, ambako watu walioana wiki ambayo dhahabu imetoka na kuachana wiki ambayo imekosekana. Tulisafiri na mizigo juu ya lori, mke wangu, mimi na mtoto wetu wa kwanza, Akonkwa. Mungu alitupa huyo, kisha akatupa wengine wawili ambao hawakumaliza mwaka. Kwa hiyo alikuwa huyo tu.

Sijui alimrithi nani. Alikuwa mtoto wa maneno. Aliamka akiongea na alilala sentensi ikiwa nusu. Kwenye lori lile, magurudumu yakizama matopeni karibu na Mwenga na abiria wakubwa wakisali, yeye alikuwa akimuuliza dereva matope yanatoka wapi. Nyumbani alijipa kazi ya utarishi ambayo hakuna aliyemtuma.

"Papa, mama anauliza kama utakula bugali ao viazi."

Mama yake alikuwa hajauliza kitu. Alikuwa ametazama tu chungu.

"Mama, papa anasema yote mbili!"

Sikuwa nimesema. Lakini ni kweli nilitaka vyote viwili. Mke wangu alicheka akajifunika mdomo kwa kitenge, nami nikacheka. Miaka ile nilidhani nyumba yetu ni tulivu kwa sababu sisi wawili tunafanana. Sikuhesabu kwamba kulikuwa na mtu wa tatu aliyekuwa akiongea kwa niaba yetu wote.

Padri Paroko wa Kamituga alikuwa mtu mrefu, mwenyeji wa milima ya huko, anayeendesha pikipiki yake kwenye njia ambazo mbuzi anasita. Mbabula aliikubali, kwa sababu wachimba dhahabu walifurahia chakula. Fundisho la kufanana hakulikubali. Aliwahi kukaa kwetu jioni, akanywa chai, akatutazama tunavyopishana chumbani bila kugusana na bila kuambiana, kila kitu kikifika mahali pake. Nilingoja sifa niliyoizoea. Aliweka kikombe chini.

"Mwalimu, weye na bibi yako munafanana sana. Iko muzuri. Lakini siku jambo itaingia mu hii nyumba, nani atalia wa kwanza?"

Nikamwambia kwamba ndiyo neema ya kufanana, hatutahitaji kulizana.

"Kimya kingi kina mshindo," akasema, akawasha pikipiki yake. Nilimwona mtu wa mashaka. Padri asiyeoa anajua nini?

Tulirudi Bukavu Akonkwa alipokuwa tayari kijana, lakini Kamituga ilikuwa imemwingia. Alikuwa na marafiki kule, alijua majina ya mashimo kama wengine wanavyojua majina ya mitaa. Alimaliza masomo ya sekondari, akazunguka mjini na diploma yake, akachoka kuambiwa arudi wiki kesho. Akarudi kwa marafiki zake, mashimoni. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Mama yake alishika simu sikioni, nami niliegemea karibu, na yeye aliongea kwa ajili ya watu watatu mpaka moto wa betri ya simu ukaisha.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepandishwa kwenye ofisi ya familia, mjini, ile inayosimamia walimu wa wachumba wa parokia nyingi. Mkubwa wangu alikuwa Sista Mratibu, mwanamke kijana kuliko mimi, aliyesomea mambo ya tabia za watu. Alisikiliza habari ya mbabula akacheka hadi machozi, na mbabula akaiacha. Lakini moto na maji aliviondoa.

"Papa Akonkwa, unapima batu sawa vile banapima mahindi," aliniambia. "Mutu moja hana kitu moja. Kuko woga, kuko huruma, kuko kupenda batu, kuko kupanga kazi, kuko kupenda kujua. Wawili banaweza kufanana hapa, bakaachana kule."

Nikamuuliza kama anaamini wanaofanana hawaishi vizuri zaidi.

"Kidogo, labda. Si vile munafikiri. Mutu mwenye roho nzuri anafurahisha mwenzake, afanane naye ao asifanane. Mimi naogopa bale banasema tuko sawasawa. Banaacha kuulizana."

Sikumpenda siku hiyo. Nilikuwa nimefundisha kinyume chake tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sasa mtoto wa juzi ananiambia kwamba nilikuwa napima hewa. Nilitoka nikiwa nimefunga mdomo, nikafika nyumbani, na mke wangu alijua nimekasirika bila kuambiwa. Akaniwekea chai. Nikaona: basi, huu hapa ushahidi wangu.

Simu ilikuja mchana, wakati wa masika. Alipiga padri kijana aliyekuwa kule Kamituga baada ya yule wa pikipiki. Mlima ulikuwa umeteremka juu ya mashimo. Walikuwa wamewatoa wengine. Akonkwa walimtoa asubuhi ile. Barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili, malori yamelala njiani, na joto lilikuwa kali. Padri aliuliza kwa heshima kubwa kama tunakubali azikwe kule kule.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameshasikia, simu yangu ina sauti kubwa. Akatikisa kichwa kukubali. Nikasema, "Tunakubali." Hayo ndiyo maneno yote tuliyosema juu ya kifo cha mtoto wetu.

Matanga yaliwekwa nyumbani, Cimpunda, bila maiti. Watu walijaa hadi kwenye ngazi za jirani. Mke wangu aliwakaribisha, akatafuta viti, akachemsha chai. Mimi niliwashukuru watu waliokuja. Wote walisema tumejaliwa nguvu. Mpaka walipoingia wale wawili, yule dada wa sambaza na fundi viatu wake. Wao pia walikuwa wamezika mtoto miaka ya nyuma, na mtaa mzima ulikumbuka walivyorukiana siku ile, kila mmoja akimlaumu mwenzake, mpaka wakaangukiana mabegani. Yule mama alimshika mke wangu mabega yote mawili, sinia la vikombe likiwa bado mkononi.

"Maman Akonkwa, lia! Lia, mama! Kifo ya mutoto haimezwe sawa vile dawa!"

Fundi viatu alikuwa analia wazi kama mtoto, kamasi inatoka. Mke wangu akamwambia mama yule, "Ukae, chai itapoa." Akapita na sinia.

Nilimwelewa. Ningefanya vile vile. Alikuwa ananitazama, anaona mimi sijalia, anajizuia asinivunje. Nami nilikuwa namtazama, naona hajalia, najizuia nisimvunje. Tulikuwa tunasubiriana kwa upole. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, ndiyo, lakini sisi wazazi wawili tulikuwa tunaujua kila mmoja kwake.

Watu walipotawanyika ndipo nilipogundua jambo jingine. Kwetu, mkishazaa, majina yenu ya zamani yanafungwa kabatini. Tangu mtoto yule azaliwe mimi nilikuwa Papa Akonkwa na yeye Maman Akonkwa. Mtaani, kanisani, kitandani. Sasa nilitaka kumwita aje aone maji yameingia jikoni, nikafungua mdomo, na jina lililokuwepo ni moja tu, la mtoto aliyelala chini ya udongo wa Kamituga. Nikafunga mdomo. Nikaenda mwenyewe kufagia maji.

Yeye naye aliacha kuniita. Akinihitaji, alikuja akasimama karibu nami mpaka nigeuke. Nikimhitaji, nilikohoa. Ikawa hivyo wiki ya kwanza, na ya pili, na miezi. Watu wasiofanana wangeshapigana. Mmoja angesema: kwa nini huniiti? Mwingine angejibu kwa matusi, na katika matusi hayo jina lingetoka, na baada ya jina kingetoka kilio. Kwetu hakuna aliyekuwa na desturi ya kuanza.

Asubuhi nilikwenda ofisini kufundisha. Nilikuwa na somo linaloitwa mazungumzo ya ndani ya ndoa, nililolifundisha kwa miaka, nalijua kama Baba Yetu. Nilisimama mbele ya walimu wa wachumba nikawaambia kwamba mume na mke waambiane mambo yao kabla jua halijazama. Waliandika. Kisha nilipanda mlima kurudi Cimpunda, nikaingia nyumbani, nikakohoa.

Sista Mratibu aliliona. Alinifungia mlango wa ofisi, akakaa upande wangu wa meza.

"Muzee, munaongea nyumbani?"

"Hatujagombana hata kidogo, Sista."

"Si hicho nimeuliza."

Akaniambia, kwa upole ambao sikuutegemea, kwamba mtu mmoja lazima avunje kimya, na kwamba si lazima yawe maneno mazuri. "Muite tu. Umuite jina yake."

Nilijaribu. Tulikuwa mezani, kuna bugali na sombe, majani ya muhogo aliyotwanga mwenyewe. Nikasema, "Maman..." Akainua kichwa haraka, macho yake yakanishika, na nakumbuka niliona kitu kimefunguka usoni mwake. Neno lililobaki likakataa kutoka. Alisubiri. Alisubiri zaidi ya mtu anavyosubiri chakulani. Kisha akashusha macho, akanisogezea chumvi.

Nikatia chumvi. Chakula kilikuwa tayari na chumvi ya kutosha.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Walinifanyia misa, wakanipa shati la kitenge, Sista akatoa hotuba akataja mbabula na watu wakacheka. Mke wangu alikaa kiti cha mbele, amevaa vizuri, na mwenyekiti wa walimu akatuombea makofi, "jozi yetu ya mfano". Tulisimama. Tukapungia mkono, wote wawili mkono wa kulia, kwa wakati mmoja. Ukumbi ulifurahi sana. Mimi nilitamani ardhi inipasukie.

Kustaafu ni kubaya kwa watu kama sisi. Ofisi ilikuwa imenipa mahali pa kuweka mdomo mchana. Sasa nilikuwa nyumbani tangu alfajiri, na nyumba zetu za Cimpunda mnazijua, ukuta wa jirani ndio ukuta wako; tulisikia ugomvi wa kila mtu isipokuwa wetu. Siku moja asubuhi alikuja akasimama karibu nami. Nikageuka.

"Dada yangu wa Minova iko mugonjwa," akasema. "Nitaenda kumuangalia."

"Sawa," nikasema.

Nilimbebea mfuko hadi bandarini. Dada alipona, yeye hakurudi. Msimu wa maharagwe ukapita, ukaja mwingine. Mji wetu uliingia katika siku hizi za vita mnazozijua, benki zimefungwa na watu wanatembea wakitazama chini, na kila mtu alikuwa anawatafuta watu wake. Nikapanda boti nikaenda Minova.

Nyumba ya shemeji yangu iko juu kidogo ya soko. Nilimkuta mke wangu uani amenipa mgongo, anaanua nguo kwenye kamba. Amekonda. Njia nzima botini nilikuwa nimejiandaa, nimejifundisha kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Na pale uani lilitoka. Nikasema kwa sauti, mbele ya shemeji na wajukuu zake, "Maman Akonkwa."

Mikono yake ilisimama kwenye kamba. Hakugeuka mara moja. Niliona mgongo wake ukipanda na kushuka. Nilikuwa nimefanya kilichonipeleka, nimevunja mimi wa kwanza, na sasa nilingoja aanguke ili nami nianguke. Aligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu, ule ule, uso wangu mimi.

"Karibu," akasema. "Boti ilichelewa?"

"Kidogo."

"Umekula?"

"Bado."

Alinipikia. Tulikula pamoja na watu wa nyumba ile, na wao waliongea, habari za bei na za askari. Alipoondoa sahani aligusa bega langu, sijui kama ni kwa bahati mbaya. Kesho yake nilisema kwamba boti ya asubuhi ndiyo nzuri. Akasema ndiyo, ziwa linakuwa tulivu.

Alinisindikiza hadi ufukweni, amebeba mfuko wangu kama mimi nilivyobeba wake. Wachukuzi walikuwa wanapita na magunia ya viazi, tukasogea pembeni tusiwazuie. Tulikaa pale mpaka boti ilipoanza kuita watu. Nilikuwa nasubiri aseme, "Ningoje, narudi nawe." Na mimi namjua mwanamke huyu kama ninavyojijua: alikuwa amesimama pale anasubiri nimwambie, "Twende nyumbani." Ningeweza kuapa mbele ya msalaba kwamba alikuwa anasubiri hilo. Alinipa mfuko. Nikashukuru.

Vijana wengine bado wanakuja kuniuliza, hasa wale ambao parokia zao zimeacha mafundisho. Wanakaa kwenye ngazi yangu wawili wawili, wanataka kujua kama wanafaa. Wanasema kwa furaha, "Papa, sisi tuko sawasawa kabisa, hatugombanake hata siku moja." Siwajibu kitu cha maana. Nawauliza ni nani kati yao atakayeongea, wanacheka, wanatazamana, na wanaondoka wakidhani mzee amechoka. Nimechoka kweli. Sina tumaini kubwa la kuwapa, na sitaki kuwadanganya.

Majirani nao huniuliza Maman atarudi lini. Nawaambia sijui, na huo ni uongo. Najua. Hajaitwa arudi, na mtu wa tabia yake hawezi kurudi bila kuitwa. Ningekuwa mimi, nisingerudi.